Mpe Kazi Inayosubiriwa: Mwongozo kwa Mlezi wa Mwanafunzi wa Fildi Singida

Julai ikiingia Singida, upepo wa kipupwe unavuma, magunia ya alizeti yamepangwa nje ya viwanda vya kukamua, na vijana wa vyuo wanaanza kubisha hodi wakiwa na barua mkononi. Mmoja anasoma shahada ya uhasibu hapa hapa, kwenye Kampasi ya Singida ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na ameelekezwa halmashauri. Mwingine anasoma uhandisi mitambo Mbeya, lakini kwao ni Ikungi, na amerudi nyumbani ili asilipe kodi ya chumba. Wa tatu anatoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na hajawahi kufika Kiomboi maishani mwake. Wote wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi, kwa wiki nane hivi.

Mwongozo huu ni wako wewe utakayekabidhiwa mmoja wao. Huenda wewe ni mhasibu wa halmashauri, fundi mkuu wa kinu, afisa mifugo wa kata, au mhandisi wa barabara. Huenda hukuomba kuwa mlezi wa mtu, umeitwa tu na bosi ukaambiwa, "Huyu kijana atakuwa na wewe." Yote nitakayokueleza yanarudi kwenye jambo moja: mpe kazi halisi, ndogo, yenye mwanzo na mwisho, ambayo kuna mtu anaisubiri. Mwanafunzi wa shahada aliyemaliza wiki nane akitoa nakala za barua na kuagizwa vocha za simu ameibiwa sehemu ya elimu yake, na mkoa wetu, wenye uhaba wa wataalamu wanaokubali kubaki, umempoteza mtu ambaye angeweza kurudi.

Kabla hajafika

Kwanza, ijibu barua. Vijana wengi huzunguka na barua ile ile ofisi hata ofisi, nauli ikiwaishia, kwa kuwa hakuna anayewaambia ndiyo wala hapana. Kama huna nafasi, sema huna, mapema.

Kama unayo, litajwe jina la mlezi mmoja. Bosi akiandika pembeni mwa barua "apangiwe idara husika", kijana anakuwa wa kila mtu, na asubuhi akifika hajui akae meza gani. Mlezi akiwa na safari nyingi, atajwe na msaidizi wake.

Siku ya kwanza zungumzeni habari za fedha bila kuoneana haya. Baadhi ya wanafunzi wa shahada wana fungu la mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo, wengine hawana, na fungu lenyewe linaweza kuchelewa. Muulize analala wapi, anafikaje kazini, anakula nini mchana. Kiwanda kinachopikia wafanyakazi ugali na maharage hakitashindwa kumwongezea sahani moja. Anayeshinda na njaa hadi jioni hajifunzi kitu, na kwa aibu yake hatakwambia.

Kisha muulize swali hili: mwaka huu umesoma jambo gani darasani ambalo hujawahi kuliona kwa macho? Jibu lake litakusaidia kumpangia kazi kuliko orodha ndefu ya malengo iliyoambatishwa na barua ya chuo.

Anzia mwisho wa kazi

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Jean Lave, alikaa na washonaji wa Monrovia, Liberia, akichunguza jinsi wanagenzi wao wanavyojifunza. Alikuta mpangilio unaokwenda kinyumenyume. Nguo huanza kwa kukatwa, lakini mwanagenzi hakuanzia hapo. Alianza kwa kupiga pasi nguo iliyokwisha kushonwa, kushona vifungo na kukunja mapindo kwa mkono. Baadaye alipewa vipande vilivyokatwa na mkubwa wake, aviunganishe kwa cherehani. Mkasi aliushika mwishoni. Hata aina za nguo zilifuata mpangilio: kofia na nguo za ndani za watoto zilitangulia, suti ilikuja mwisho kabisa.

Mpangilio huo una akili mbili ndani yake. Kosa la kifungo linarekebishika jioni ile ile, ilhali kosa la mkasi limekwisha kula kitambaa cha mteja. Tena, aliyepiga pasi suruali nyingi anaijua suruali nzima, kwa hiyo akifika kwenye kukata anaelewa kila kipande kinakwenda kukaa wapi. Sioni njia bora zaidi ya kumpangia kazi mwanafunzi.

Chukua kinu cha alizeti, ambacho hapa Singida hatuhitaji kukitafuta mbali. Mkoa huu, pamoja na Dodoma na Simiyu, ndio serikali iliouchagua mwaka 2021 kusukuma kilimo cha zao hili, na msimu wa kukamua unaangukia miezi ile ile ambayo wanafunzi wanakuja. Wiki ya kwanza usimpeleke kwenye mashine. Mweke alipo mteja: kwenye kujaza madumu, kubandika lebo, kupima mashudu yanayonunuliwa na wafugaji. Asikilize malalamiko ya anayesema mafuta yana tope au yana harufu ya kuungua. Akiwa hapo atajua kiwanda kizima kinahangaikia nini.

Wiki ya pili asogee nyuma, kwenye chujio na matangi, aone mafuta yanavyotuama na tope linalobaki chini. Wiki ya tatu na ya nne akae na fundi wa mashine ya kukamua, ajue mbegu yenye unyevu mwingi inavyoteleza kwenye skrubu na kutoa mashudu laini, na iliyokauka kupita kiasi inavyochemsha mashine. Mapokezi ya mbegu, pale mlangoni kwenye mizani, yawe ya mwisho. Hapo ndipo fedha za kiwanda zinapopotelea: takataka ndani ya gunia, mbegu ya zamani aina ya Record iliyochanganywa na chotara. Mwanafunzi apime, aandike, atoe maoni yake kabla yako ili mlinganishe, lakini bei aseme mnunuzi wa kiwanda.

Kama kiwanda chako ni kikubwa na kinasafisha mafuta hatua zote, kuanzia kuondoa gundi na asidi hadi kuondoa rangi na harufu, mpangilio ni ule ule, ila aanzie maabara na kwenye ufungashaji.

Kazi yenyewe ambayo mwenye kiwanda ataisubiri ni daftari la ukamuaji. Vinu vingi vidogo vinajua kwa kukadiria tu gunia moja linatoa lita ngapi. Mwanafunzi wa uhandisi au wa teknolojia ya chakula aanze kupima kila mkupuo: kilo za mbegu zilizoingia, zimetoka kata gani, ni aina gani, unyevu wake, saa zilizotumika, uniti za umeme kwenye luku, lita za mafuta, kilo za tope, kilo za mashudu. Hii ni kazi ya mizani, saa na kalamu, na haimgharimu mwenye kiwanda fedha yoyote. Baada ya wiki tatu za kuandika kila siku, achore majedwali yanayoonyesha ni mbegu zipi na mpangilio upi wa mashine ulitoa mafuta zaidi kwa kila kilo 100.

Hesabu yake ina uzito. Mashine ya skrubu huacha mafuta ndani ya mashudu, na kwenye vinu vidogo mara nyingi yanafika sehemu ya kumi ya uzito wa mashudu au kupita hapo. Ukiyapunguza kwa asilimia mbili tu ya uzito huo, kila tani ya mashudu imekuachia kilo 20 za mafuta, yaani zaidi ya ndoo ya lita 20. Sampuli chache za mashudu anaweza kuzipeleka maabara ya chuo chake kwa ruhusa ya mwalimu, na kwa njia hiyo kiwanda cha Singida kinapata vipimo ambavyo kisingevipata. Ofisi ya SIDO mkoani nayo iko kwa ajili ya viwanda vidogo. Mtume akaulize juu ya ubora na vifungashio, halafu akuletee majibu kwa maandishi.

Kwenye ofisi ya uhasibu

Mhasibu wa halmashauri atasema wanafunzi wanakuja wakati mbaya. Kweli, mwaka wa fedha umefungwa tarehe 30 Juni, na hesabu za mwisho zinatakiwa zimfikie Mkaguzi Mkuu kufikia mwisho wa Septemba, kwa hiyo hakuna mwenye muda. Mimi nauona kuwa ndio wakati mzuri, mradi usimketishe pembeni.

Anza kwa kumpa hati ya malipo iliyokwisha kulipwa, yenye viambatisho vyote, na umwambie aifuate kurudi nyuma: malipo, idhini, ankara, hati ya kupokelea mali, hati ya kuagizia, fungu la bajeti. Akimaliza mpe nyingine yenye upungufu bila kumwambia upungufu uko wapi. Kijana aliyegundua mwenyewe kwamba vifaa vilipokelewa tarehe inayotangulia tarehe ya kuagizwa hatahitaji mhadhara juu ya udhibiti wa ndani. Baada ya hapo afanye usuluhishi wa benki wa akaunti moja ndogo, kwa mfano ya zahanati au shule, wewe ukiupitia. Kazi yake inayosubiriwa iwe kukusanya vielelezo vya hoja za ukaguzi zilizobaki: hoja ipi imekosa kiambatisho gani, kiko idara gani, kimepatikana lini.

Usimpe nywila yako. Kwenye mifumo ya serikali ya malipo na ununuzi, kama MUSE na NeST, kila muamala unaandikwa jina la aliyeufanya, na mambo yakiharibika jina litakuwa lako, aliyebonyeza atakuwa kijana asiye na mkataba wala wa kumtetea. Akae pembeni yako, akusomee tarakimu, wewe uingize, umweleze unachofanya.

Na wa kilimo na mifugo je

Mwanafunzi wa kilimo akifika Julai hakuti zao shambani, na wengi huishia kukaa ofisi ya kata wakingoja mvua za mwisho wa mwaka ambazo hawatakuwepo kuziona. Mgeuzie macho kwenye kuku. Kuku wa Singida wanajulikana nchi nzima, na adui yao mkubwa ni mdondo, ambao huwafyeka zaidi nyakati za kiangazi. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu, na wiki nane zinatosha kuandaa kitongoji kimoja: kuandikisha kaya na idadi ya kuku, kukubaliana siku na mwenyekiti, kuchanja alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, kisha kurudi kaya zile zile wiki ya saba kuhesabu waliopo. Hapo anajifunza ugani wenyewe, ikiwa ni pamoja na namna ya kuongea na bibi aliyeambiwa kwamba chanjo iliyopita ndiyo iliyoua kuku wake. Kama hasemi Kinyaturu wala Kinyiramba, mpe mwenyeji wa kuandamana naye. Kuchanja kufanyike chini ya afisa mifugo. Mwanafunzi hana mamlaka ya kufanya kazi hiyo peke yake.

Fundi na msomi

Jambo hili linaharibu fildi nyingi na halizungumzwi. Kwenye karatasi mlezi ni mhandisi au meneja, lakini anayeijua mashine ni fundi aliyeishia darasa la saba na kuishi nayo miaka ishirini. Kijana anaogopa kuonekana mjuaji. Fundi naye anaogopa kuumbuliwa na mtoto wa juzi, na hofu hiyo hutoka kwa maneno kama "msomi, hebu tuambie wewe". Wiki mbili zinapita kila mmoja akimkwepa mwenzake.

Dawa yake ni kumtambulisha fundi mbele ya wote kuwa mwalimu wa mwanafunzi huyu, na kumtaja kwa heshima anayostahili. Mwanafunzi amwamkie, amwite fundi au mzee kama wengine wanavyomwita, na awahi kabla yake. Halafu uwape kazi inayowahitaji wote wawili. Fundi anasikia kwa sikio kwamba beringi inakaribia kufa. Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu ya vipenyo vya puli na kueleza kwa nini shafti inazunguka haraka kuliko inavyotakiwa. Mara moja kwa wiki kila mmoja amfundishe mwenzake kitu kimoja. Jina la fundi liandikwe kwenye ripoti ya chuo, ukurasa wa shukrani na ndani pia, palipotumika maarifa yake.

Lipo pia deni ambalo mwanafunzi anaweza kulilipa. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi anayoifanya na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili. Mafundi wengi hawajawahi kwenda kuuliza kwa kuogopa fomu. Mwanafunzi afuatane naye hadi Chuo cha VETA Singida, amsomee masharti, amsaidie kujaza. Asubuhi moja iliyotumika hivyo haijapotea.

Ijumaa, nusu saa

Kila Ijumaa kaa naye nusu saa, simu ikiwa pembeni, na usome kitabu chake cha kumbukumbu za mafunzo. Kusaini kurasa zote siku ya mwisho ni kudanganya chuo na kumdanganya kijana. Ukikuta ameandika "nilifanya kazi nilizopangiwa", mrudishie. Mwonyeshe unachotaka kwa mfano: "Tulikamua magunia manane kutoka Mkalama. Mashudu yalitoka laini, fundi akapunguza nafasi ya kutokea, mashine ikapata moto. Sikuelewa kwa nini hatukuianika mbegu kwanza." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa inakupa la kumfundisha Jumatatu.

Akikosea, mrekebishe mkiwa wawili. Mwambie aandike kilichotokea, hatua kwa hatua, kisha mtengeneze pamoja. Anayefokewa mbele ya wafanyakazi hujifunza kuficha, na kwenye mashine au kwenye hesabu za umma kosa lililofichwa ndilo linaloumiza.

Mwalimu wa chuo atakuja, pengine mara moja tu na kwa haraka, maana ana wanafunzi wengine Manyoni na Dodoma. Asimkute kijana amevaa shati jipya ofisini kwako. Akutane naye kwenye mizani, daftari likiwa wazi.

Mwili wake na heshima yake

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye eneo la kazi awalinde waliomo. Kwenye mgodi mkubwa kama ule wa dhahabu wa Mang'onyi hakuna anayeingia kabla ya kupewa maelekezo ya usalama. Kinu cha mtaani na gereji hazina mtu wa kazi hiyo, kwa hiyo mtu huyo ni wewe. Mashine yoyote yenye mkanda au shafti isiyo na kifuniko, mwanafunzi asiisogelee mpaka ifunikwe. Ndala, mtandio unaoning'inia, khanga, nywele ndefu zisizofungwa: sema habari zake siku ya kwanza, kwa wote, bila kumlenga msichana peke yake. Chuo kiulizwe mapema nani atagharamia matibabu akiumia, na jibu liwe kwa maandishi.

La pili nalisema waziwazi, kwa sababu ukimya umewaumiza mabinti wengi. Saini yako kwenye fomu ya tathmini ni mamlaka. Kuitumia kumtaka mwanafunzi kimapenzi ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kuitana gesti "kujadili ripoti", ujumbe wa usiku, ahadi ya ajira: yote yanajulikana yanakoelekea. Siku ya kwanza mtajie mwanafunzi mtu wa pili wa kumwendea nje ya idara yako, mwanamke ikiwezekana, na mwambie kwamba namba ya TAKUKURU ni 113, hailipiwi. Mlezi mwenye nia njema hapungukiwi na chochote kwa kuyasema haya mwenyewe.

Wiki ya mwisho

Usimwache aage kimyakimya. Siku mbili kabla hajaondoka, awakalishe wale waliokuwa wakiisubiri kazi yake, awe mwenye kiwanda, mweka hazina au mwenyekiti wa kitongoji, awaeleze kwa dakika kumi alichokipata. Wamuulize maswali magumu. Fundi awepo.

Fomu ya tathmini ijaze kwa ukweli. Ukimpa kila mwanafunzi alama za juu, yule aliyefanya kazi hasa umemnyang'anya sifa yake. Nje ya fomu hiyo, mwandikie barua yake mwenyewe, fupi, inayotaja alichokifanya kwa tarakimu: amepima mikupuo mingapi, amesuluhisha akaunti zipi, amesimamia chanjo ya kuku wangapi. Mwajiri wa kwanza atakayeisoma hatasaidiwa na "ni kijana mtiifu na mwenye bidii".

Na kazi aliyoianza isife anapopanda basi. Nakala ya daftari ibaki kazini, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja ya jinsi ya kuliendeleza, yaliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho karani wa mizani ataweza kukifuata Jumatatu inayofuata.